Ukija Kigoma, lala Ujiji walau usiku mmoja

Saa 12 asubuhi Dar es Salaam mwanga umeshaanza kuingia madirishani. Saa hiyo hiyo Kigoma bado ni giza. Mji huu uko magharibi ya Dar kwa karibu nyuzi 10 za longitudo, na kila nyuzi ni dakika 4 za jua, kwa hiyo jua la Kigoma linachelewa kwa karibu dakika 40. Linachomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na robo, kutegemea mwezi, na jioni linazama wakati watu wa Pwani wameshawasha taa zamani. Mgeni anayepanga kutoka gesti saa 11 alfajiri kuwahi basi, au saa 12 kuwahi boti, ajue kwamba anatoka usiku, kwenye mji wa vilima ambao mitaa yake mingi ya ndani haina lami wala taa.

Naanza na jua kwa sababu wageni wengi huchagua pa kulala Kigoma kwa kuangalia picha ya Ziwa Tanganyika. Wanalipia chumba kizuri ufukweni, Bangwe au Katonga, halafu wanagundua kwamba kila walichokijia kiko upande mwingine wa mji, na kinaanza saa ambayo huko waliko hakuna hata bajaji. Hapa mtaa huchaguliwa kwa kuuliza kwanza: safari yangu ya kesho inaanzia wapi, na saa ngapi? Na kwa aliyekuja kwa ajili ya historia, jibu langu ni Ujiji, mahali ambapo wageni wengi hukaa saa moja tu, wakapiga picha na kuondoka.

Mkanganyiko wote unatokana na jinsi mji ulivyozaliwa. Manispaa ya Kigoma Ujiji ni miji miwili iliyounganishwa na barabara. Ujiji ndiyo ya kale. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa wameshajenga makao pale kabla wapelelezi wa Kizungu, Burton na Speke, hawajafika Februari 1858. Pembe za ndovu na watu waliotekwa walivushwa kutoka ng'ambo, upande wa Manyema, Kongo ya leo, wakashushwa Ujiji, na kutoka hapo ni mwendo wa miguu wa kama kilomita 1,200 hadi Bagamoyo. Kigoma ya sasa ilikuwa ghuba tu wakati huo. Wajerumani walipoleta reli ya kati waliipeleka kwenye ghuba hiyo, kwa sababu ina kina na imekingwa na rasi ya Bangwe, wakati ufukwe wa Ujiji uko wazi kwa mawimbi na kina chake ni kifupi. Reli ilifika Februari 1914. Bandari, ofisi za serikali na maghala vikafuata reli, na Ujiji ikabaki na misikiti yake, miembe yake na wenyewe. Baadaye watu wakajaa katikati, juu ya kilima cha Mwanga na kuendelea Gungu. Leo kutoka stesheni ya Kigoma hadi Ujiji ni kama kilomita 8. Daladala au bajaji inachukua nusu saa hivi ikisimama simama, na chini ya hapo usiku barabara ikiwa tupu.

Kilomita 8 si nyingi mchana. Saa 3 usiku daladala zimepungua, na saa 11 alfajiri hazipo.

Basi tuanze na Ujiji. Kinachowaleta wageni ni kumbukumbu ya Livingstone, mahali ambapo Stanley alimkuta. Tarehe inayoandikwa sana ni 10 Novemba 1871. Pana mnara wa jiwe, makumbusho yenye sanamu za wawili hao, na miembe ambayo wenyeji wanasema ni vichipukizi vya ule mwembe wa awali. Mgeni akisimama pale huuliza: ziwa liko wapi? Wakati wa Livingstone maji yalikuwa karibu zaidi. Ziwa Tanganyika lina tundu moja tu la kutolea maji, mto Lukuga upande wa Kongo, na tundu hilo lilikuwa limeziba kwa mchanga na majani. Lilipozibuka mwishoni mwa miaka ya 1870, ziwa lilishuka kwa takriban mita 10 ndani ya miaka isiyofikia 20. Ardhi kavu unayoiona kati ya mnara na mwalo, yaani ufukwe wa kuegesha boti za uvuvi, imetokana na hilo. Mwongozaji mwenye haraka hatakueleza hayo, na ukiwa umekuja kwa bajaji inayokusubiri getini huku dereva anapiga honi, hutauliza.

Hapo ndipo ninapowagombeza wageni kwa mapenzi. Ujiji ni mji wa asubuhi na jioni. Mchana wa jua kali unakuta mitaa mitupu, milango imefungwa nusu, mbuzi kwenye vivuli. Saa 10 jioni ndipo wazee wanatoka nje kukaa barazani na vijana wanajaa mabarazani kwa kahawa. Watoto hurudi kutoka madrasa na mapishi ya samaki yanaanza kunukia hadi barabarani. Wazee hao wengi ni wa vizazi vya watu waliotoka ng'ambo ya ziwa, Wamanyema na wengineo, waliochanganyika na Waha na watu wa Pwani. Ukitoa shikamoo, ukajibiwa marahaba, ukakaribishwa mkekani, utasikia historia ya njia ya misafara ambayo haiko kwenye bango lolote. Lakini mzee haongei na mtu aliyesimama huku anaangalia saa. Anataka ukae.

Alfajiri nayo ina yake. Adhana inaanza karibu saa 11 na nusu, kutoka misikiti kadhaa kwa kupishana. Mwenye usingizi mwepesi alijue hilo kabla ya kulipa, aombe chumba cha nyuma, kisichoelekea msikiti wa jirani. Baada ya hapo teremka kwa miguu hadi mwaloni, dakika chache tu kupita kumbukumbu. Ufukweni mafundi wanaunda boti za mbao kwa mkono: ubao umebanwa kwenye mbavu, pamba inasukumwa kwenye viungo kwa tindo na nyundo ndogo, kidogo kidogo, mpaka mshono wote ujae na maji yakose pa kupita. Sauti ya nyundo ile utaisikia kabla hujaziona boti. Jua likishapanda sana mafundi wanaingia kivulini.

Sasa upungufu wake, maana upo. Nyumba za kulala wageni Ujiji ni chache na za kawaida. Usitegemee kuagiza chumba kwa programu ya simu. Fika mchana, piga hodi, kagua, lipa. Choo kinaweza kuwa cha nje. Kusini ya mji ni delta ya mto Luiche, tambarare yenye majimaji, na mbu wake hawana mchezo, hasa masika. Chandarua kisicho na tundu ni sharti la kwanza hapo, kabla ya televisheni na feni. Pombe si rahisi kuipata karibu, na mavazi ya heshima yanatazamiwa kwa wanaume na wanawake. Mwezi wa Ramadhani vibanda vya chakula vingi havipiki mchana, hivyo mgeni asiyefunga aende akale Mwanga, au anunue mkate na matunda tangu jana yake. Ila jioni ya Ramadhani Ujiji, futari ikiwa imetandikwa barazani, ni ya kuifuata kutoka mbali.

Kigoma ya chini, yaani eneo la stesheni, bandari na mwanzo wa barabara ya Lumumba, ni ya msafiri wa treni na meli. Treni ya reli ya zamani ikichelewa inaweza kukufikisha saa yoyote, na saa 8 usiku hutaki kuanza kupatana bei ya bodaboda ya kwenda Ujiji na mizigo mgongoni. Lala hapo chini usiku wa kwanza, uhame kesho yake. Jengo la stesheni la Wajerumani bado linatumika na linafaa kutazamwa kwa utulivu. Bandarini ndiko yalipo makao ya meli ya MV Liemba, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa kwa vipande na kuunganishwa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, kisha Waingereza wakaiibua 1924 na kuirudisha kazini 1927. Usipange safari kwa ratiba yake uliyoisikia kwa mtu aliyepanda zamani. Ulizia bandarini kwanza kama kuna meli ya abiria inayotembea. Upungufu wa eneo hili ni jioni. Ofisi zikifungwa, watu wanapanda Mwanga, na chakula cha bei ya kawaida kinakwenda nao.

Mwanga ndiko mji wenyewe ulipo kwa maisha ya kila siku: soko, maduka, wakala wa fedha kila hatua, migahawa ya ugali wa muhogo kwa mgebuka (samaki wa ziwa hili), mawese ya kununua kwa chupa. Kwa mgeni wa siku tatu nne anayetaka kufika kila upande bila kuhesabu nauli, Mwanga ndiyo katikati: Ujiji ukishuka upande mmoja, bandari ukishuka mwingine. Shida yake ni kelele. Gesti nyingi ziko juu ya baa au ukutani kwa baa, na muziki wa Ijumaa na Jumamosi haumalizwi kwa ombi la mpangaji. Kagua chumba saa 2 usiku, si saa 8 mchana. Mchana kila chumba Mwanga ni kimya. Na masika uliza kama gari linafika mlangoni, kwa sababu udongo mwekundu wa vile vilima ukilowa huteleza vibaya, na bodaboda ataukataa mteremko hata ukiongeza pesa.

Gungu, karibu na stendi ya Masanga, ni ya usiku wa kuamkia basi tu. Hilo tu ndilo linaloipa thamani, lakini ni thamani kubwa kwa mwenye basi la alfajiri. Chagua gesti unayoweza kutoka kwa miguu dakika tano, lipa jioni, na mwambie mhudumu akufungulie geti saa ngapi, kwa sababu geti lililofungwa kwa kufuli na mlinzi aliyelala limewakosesha watu wengi basi.

Kibirizi ndiko kosa la kawaida linakotokea. Mgeni anasikia kwamba boti za Gombe, hifadhi ya sokwe, zinatoka Kibirizi, kaskazini mwa mji, anatafuta chumba hukohuko ili awahi asubuhi. Lakini boti za abiria, zile za mbao zinazohudumia vijiji vya kaskazini hadi Mwamgongo na Kagunga mpakani na Burundi, kwa kawaida huondoka mchana kuanzia saa 6 hivi, zikishajaza mizigo, na Jumapili usizitegemee. Zinateremsha abiria Gombe baada ya kama saa tatu. Kurudi ni asubuhi mapema. Maana yake ni kwamba kwa boti ya abiria huwezi kwenda Gombe na kurudi siku hiyo hiyo, utalala hifadhini. Na maana yake nyingine ni kwamba hakuna sababu ya kulala Kibirizi. Unaweza kuamka Ujiji, kunywa chai, kununua mkate sokoni Mwanga, na bado ukafika mwaloni kabla mizigo haijapakiwa. Anayetaka kwenda na kurudi siku moja atakodi boti, saa moja hadi moja na nusu kila upande kwa mashine nzuri, na huyo ndiye wa kuondoka mapema, mwanga ukishatoka. Kiangazi, Juni hadi Septemba, upepo wa kusi unaweza kulichafua ziwa, kwa hiyo usipange kurudi kutoka Gombe siku ileile ya ndege au basi lako. Dai boya la kuvaa kabla ya kukaa. Ada za hifadhi hulipwa kwa namba ya malipo au kadi. Noti mkononi hazitakusaidia getini.

Na Kibirizi kuna dagaa. Wanaanikwa kwenye vichanja na kwenye mchanga, maelfu kwa maelfu, wanageuzwa kwa mkono ili wakauke pande zote. Jua likiwa kali wanakauka haraka, wakabaki na rangi ya fedha na harufu nyepesi. Mvua ikiwanyeshea katikati ya kazi wanalainika, wanaanza kuoza, na harufu hiyo inaingia mpaka kwenye shuka. Anayependa kuona kazi ya ziwa aende asubuhi akatazame, ajifunze, anunue. Kulala hapo Novemba au Machi ni jambo jingine.

Bangwe na Katonga ninaziacha kwa mwenye usafiri wake au aliyekuja kupumzika tu. Fukwe za huko ni nzuri kweli, na maji ni maangavu kuliko popote karibu na mji. Lakini ziwa liko magharibi. Chumba cha kuelekea ziwani, kile cha bei ya juu, kinapigwa na jua kuanzia saa 9 alasiri mpaka linazama karibu saa 1 usiku, na ukuta wa tofali ulioshiba joto huendelea kulitoa mpaka saa 4. Kama hakina feni inayofanya kazi na madirisha ya pande mbili, chumba cha nyuma cha bei ndogo kitakupa usingizi bora. Ziwa lenyewe nalo limepanda miaka ya karibuni na kumeza sehemu za mialo na majengo ya kando, kwa hiyo uliza kama njia ya kuingilia iko juu ya maji leo, maana picha za mtandaoni zinaweza kuwa za miaka sita iliyopita. Kuoga, oga kwenye miamba na maji safi, mbali na makazi, midomo ya mito na majani, kwa sababu konokono wa kichocho wanapenda sehemu hizo zilizotulia. Giza likiingia, bodaboda wa kurudi mjini ni wa kupigiwa simu, basi chukua namba ya aliyekuleta.

Popote utakapolala, ukaguzi wa chumba ni uleule na unachukua dakika tano. Fungua bomba, usiulize kama maji yapo. Lisipotoa, angalia kama kuna tanki juu na ndoo bafuni. Tandaza chandarua chote, kitazame dhidi ya mwanga wa dirisha, na uone kama kinafika chini ya godoro. Funga mlango kwa ndani, usukume kwa bega. Washa feni, izungushe mpaka namba ya mwisho. Uliza saa ya kukabidhi chumba, maana gesti nyingi husema saa 4 asubuhi na wanamaanisha. Kitambulisho kiwe mkononi: utaandikwa kwenye kitabu cha wageni, jina, unakotoka na unakokwenda, na kwa kuwa huu ni mkoa wa mpaka wa Burundi na Kongo, maofisa wa uhamiaji hukagua vitabu hivyo na hukagua watu barabarani pia. Asiye na kitambulisho atapoteza siku.

Kwa mtu mwenye siku nne, mpango ninaoupendekeza ni huu. Usiku wa kufika, lala Kigoma chini kama umekuja kwa treni, Mwanga kama ni basi au ndege. Siku ya pili hamia Ujiji kabla ya saa 8 mchana, weka mzigo, pumzika jua likiwa kali, na saa 10 anza kutembea: kumbukumbu kwanza ikiwa bado iko wazi, kisha mitaani. Asubuhi yake mwaloni, halafu Kibirizi kwa boti ya mchana ukalale Gombe, au rudi Mwanga kama Gombe si yako. Usiku wa mwisho lala Gungu ikiwa unaondoka kwa basi. Ni kuhama mara mbili au tatu, na watu hawapendi kuhama. Lakini gesti za huku hulipwa kwa usiku mmoja mmoja, na bajaji moja inatosha begi na mwenye begi.

Kama tarehe ziko mikononi mwako, tazama pia kalenda ya mwezi na ya uvuvi. Mwaka 2024 Tanzania ililifunga ziwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaane. Kwenye miezi ya kufunga ziwa, mgebuka freshi ni adimu na mialo imelala. Nje ya kipindi hicho, dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haishindani na mbalamwezi. Siku za mwezi mpevu wavuvi wanapumzika. Siku za giza, ukisimama juu ya kilima cha Mwanga usiku unaona taa zao zimetanda ziwani kama mji mwingine. Wanarudi alfajiri na mzigo, ndoo zinapokelewa majini kabla boti haijagusa mchanga, bei zinapatanwa kwa Kiha na Kiswahili kwa pamoja, na mzigo mwingi unakuwa umeshagawanywa kabla daladala ya kwanza kutoka mjini haijafika Ujiji.